Kisahani cha Plastiki na Somo la Kiwanda cha Morogoro

Mto Morogoro huteremka kutoka milima ya Uluguru, ukapita mjini, ukaungana na Mto Ngerengere. Ngerengere nao humwaga maji yake katika Mto Ruvu, na Ruvu huingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, mkabala na kisiwa cha Unguja. Kwa hiyo kifuniko cha chupa kilichotupwa mtaroni pale Kilakala, chini ya mlima, kina njia iliyo wazi ya kufika katika maji yaliyo baina yetu na Bara. Hakuna awezaye kukifuatilia kifuniko kimoja tangu mtaroni hadi pwani, lakini njia ya maji ni hiyo, na mvuvi wa Nungwi au wa Mkokotoni anayenasa plastiki wavuni badala ya samaki hahitaji kuelezwa zaidi.

Tumeanza na mto kwa sababu leo tunataka kuzungumzia kitu kilichotengenezwa kwa plastiki ile ile, chenye uzito usiofika robo kilo, ambacho katika nchi nyingine kimekuwa biashara kubwa na katika nchi yetu hakijapewa hata dakika moja ya fikira. Kitu hicho ni kisahani cha kuchezea gofu. Hatukusudii kisahani kizito cha riadha ambacho wanafunzi wetu hukirusha katika mashindano ya shule. Tunakusudia kisahani chepesi kinachopaa, ambacho mchezaji hukirusha kwa mkono kutoka alama moja hadi nyingine mpaka kitue katika kapu la chuma lenye minyororo. Anayemaliza viwanja vyote kwa mitupo michache ndiye mshindi. Hesabu ni ile ile ya gofu ya kawaida. Tofauti ni kwamba hapa hakuna fimbo, hakuna mpira, wala hakuna majani ya kukatwa na kumwagiliwa kila siku.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, mchezo huo unatuhusu nini? Jibu letu ni kwamba mchezo wenyewe si hoja yetu kubwa. Hoja yetu ni vifaa vyake, watu wanaovitengeneza, na namna walivyoanza kuvitengeneza. Katika habari za makampuni hayo mna somo ambalo sisi tulifundishwa pale pale Morogoro miaka zaidi ya thelathini iliyopita, tukalipa gharama yake, kisha tukalisahau.

Inafaa tueleze kwanza jinsi biashara hii ilivyozaliwa. Huko Marekani, katika jimbo la Connecticut, palikuwa na kampuni ya mikate ya kuoka yenye matunda ndani, iliyoitwa Frisbie. Wanafunzi walizoea kurushiana sahani tupu za bati za mikate hiyo. Mtu mmoja aitwaye Walter Frederick Morrison alibuni sahani ya plastiki ya kurusha, na mwaka 1957 akaikabidhi kampuni ya Wham-O ya California, iliyoanzishwa mwaka 1948 na vijana wawili, Richard Knerr na Arthur Melin. Kampuni hiyo ndiyo iliyoipa sahani jina la Frisbee na kuiuza kama mchezo wa watoto.

Aliyeibadili sahani ya watoto ikawa kifaa cha michezo ni mfanyakazi wa kampuni hiyo, Ed Headrick. Yeye aliona kwamba sahani iliyumba hewani, akaiongezea mistari juu ya ukingo wake ili ipae kwa utulivu, na mwaka 1967 akapata hataza ya ubunifu huo. Mwaka 1975 uliwekwa uwanja wa kwanza wa kudumu wa mchezo huu katika bustani ya Oak Grove, California. Mwanzoni wachezaji walilenga nguzo tu, na kila siku pakazuka ubishi, huyu akisema kisahani kimegusa nguzo na yule akisema hakikugusa. Headrick akabuni kapu lenye minyororo, ambalo kisahani kikiingia hubaki ndani na ubishi ukaisha. Mwaka 1976 alianzisha kampuni yake ya kutengeneza makapu hayo pamoja na chama cha wachezaji, na mwaka 1977 akapata hataza ya kapu. Mtu huyu aliupenda mchezo wake kiasi cha kuusia kwamba baada ya kufa, majivu yake yachanganywe katika plastiki ya visahani. Na alipofariki mwaka 2002, wosia wake ukatekelezwa. Kwa mila zetu jambo hilo ni la ajabu, lakini linaonyesha jinsi mwenye kiwanda alivyokuwa mchezaji kwanza na mfanyabiashara baadaye.

Wengine waliomfuata walikuwa watu wa namna hiyo hiyo. Jim Kenner, aliyeanzisha Discraft mwishoni mwa miaka ya 1970, alikuwa mrushaji. Dave Dunipace na wenzake walianzisha Innova mwaka 1983 kwa sababu waliona kwamba kisahani chenye ukingo mnene na wa duara hakiendi mbali. Wakakipa ukingo mwembamba ulioinama, unaoukata upepo, na mchezo wote ukabadilika. Tangu hapo visahani vimegawanyika katika aina kadhaa: vya kurusha mbali, vya masafa ya kati na vya kumalizia karibu na kapu, kama vile fundi seremala alivyo na randa ya kuanzia na randa ya kumalizia.

Huko Ulaya ya kaskazini, ambako mchezo huu umeenea sana, kampuni ya Discmania ilianzishwa nchini Finland mwaka 2006 na Jussi Meresmaa. Katika miaka yake ya mwanzo haikuwa na mashine. Visahani vyake vilitengenezwa na Innova huko Marekani. Ilichokuwa nacho ni jina, umbo, na wachezaji walioiamini. Na huko Sweden, kampuni ya Latitude 64 iko katika mji wa Skellefteå, ulio mbali kabisa na mji mkuu, mahali penye theluji kwa miezi mingi ya mwaka. Biashara hii imekua hata ikafikia kwamba mwaka 2021 Discraft ilitia saini mkataba wa miaka 10 na mchezaji mmoja, Paul McBeth, wenye thamani ya dola milioni 10 za Kimarekani. Yote hayo yametoka katika sahani ya bati ya mkate.

Tukiyatazama makampuni haya kwa makini tunaona mambo manne. La kwanza, yalianzishwa na watu walioutumia ufundi wao wenyewe kila siku, wakajua kasoro zake. La pili, yalianza madogo, kwa kalibu moja na umbo moja, wala si kwa majengo makubwa. La tatu, yaliuza kwanza nyumbani, kwa majirani waliowajua, kabla ya kufikiria nchi za ng'ambo. La nne, palikuwa na chama kilichoweka vipimo vinavyojulikana: kisahani kisipungue upana wa sentimita 21, kisizidi gramu 200, na uzito wake usizidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya upana. Mwenye kiwanda alijua anachotakiwa kufanya kabla hajayeyusha plastiki.

Sasa tuje Morogoro. Katika miaka ya 1970 Serikali yetu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliamua kujenga huko kiwanda cha viatu. Nia ilikuwa njema na hatuna haja ya kuibeza. Nchi ilikuwa na ng'ombe wengi, ngozi zilikuwa zikiuzwa nje zikiwa ghafi, na viatu vikirudi kutoka nje kwa bei kubwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limetufundisha kujitegemea, na kiwanda cha viatu kilionekana kuwa mfano halisi wa somo hilo. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na zaidi ya asilimia 80 ya jozi hizo zilikuwa za kuuzwa Ulaya.

Yaliyofuata yameandikwa na wachumi wa dunia nzima, mpaka jina la Morogoro likawa mfano katika vitabu vya vyuo vikuu. Mitambo iliharibika na vipuri havikupatikana. Jengo lilikuwa na kuta za bati zisizopitisha hewa ipasavyo, kana kwamba limejengwa kwa ajili ya nchi ya baridi. Wafanyakazi na wasimamizi wenye ujuzi hawakutosha. Kiwanda hakikuwahi kutoa zaidi ya takriban asilimia 5 ya uwezo wake, hakikuuza viatu Ulaya, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Deni halikukoma pamoja nao.

Wako wanaosema kwamba kosa lilikuwa ni kuthubutu. Sisi hatukubaliani nao. Nchi isiyothubutu kutengeneza chochote itavaa viatu vya wengine hadi mwisho wa dunia, na wahenga walikwisha kusema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa mambo. Tulianza na jengo, kisha mashine, kisha soko la mbali, na mwisho kabisa ndipo tukamfikiria mtu atakayevaa kiatu na fundi atakayekishona. Makampuni ya visahani yalianza na mtu mwenye kisahani mkononi, jengo likaja mwisho. Sisi tuliipanda ngazi kuanzia juu.

Asidhani mtu kwamba somo hili haliwezi kufuatwa katika Afrika ya Mashariki. Huko Nairobi, tangu mwaka 2004, upo mradi wa Alive and Kicking ulioanzishwa na Jim Cogan, ambao hutengeneza mipira kwa mikono ya mafundi Wakenya. Mwanzilishi aliona jambo ambalo kila mwalimu wa michezo analijua, yaani kwamba mpira wa bei nafuu uliotoka nje hupasuka upesi juu ya changarawe na miba ya viwanja vyetu. Basi wakatengeneza mpira wa kuhimili viwanja hivyo, badala ya mpira wa kupendeza dukani. Mradi huo baadaye ulifika pia Zambia. Na duniani, mji wa Sialkot nchini Pakistani, ambao hauna bandari wala mafuta, umejulikana kwa vizazi kadhaa kwa mipira inayoshonwa kwa mkono. Ilipobainika kwamba watoto walikuwa wakishona mipira hiyo badala ya kwenda shule, mwaka 1997 viwanda vya huko viliingia katika mapatano ya kukomesha jambo hilo. Tunalitaja ili ieleweke kwamba kiwanda cha vifaa vya michezo kikikosa usimamizi, kinaweza kumnyima mtoto ule mchezo wenyewe.

Hapa ndipo tunaporudi Kilakala. Katika kata hiyo ipo shule ya sekondari ya wasichana iliyoanza kwa jina la Marian College chini ya masista wa Maryknoll, ambayo leo ni miongoni mwa shule za wanafunzi wenye vipaji maalumu. Mjini humo humo upo uwanja wa gofu ya kawaida, chini ya vilima vya Uluguru, ulioachwa na zama za wakoloni. Wasichana wangapi wa Kilakala wamewahi kushika fimbo ya gofu? Si kwamba wamekatazwa. Fimbo, mipira na ada ya uanachama ndivyo vilivyowakataza. Kisahani kimoja, kinachoweza kurushwa na wanafunzi kumi kwa zamu, chini ya miembe, juu ya ardhi yenye mteremko isiyofaa kwa mpira wa miguu, ni kifaa cha namna nyingine kabisa. Na yanayosemwa juu ya Kilakala yanasemeka vile vile juu ya shule ya Makunduchi au ya Wete, ambako uwanja wa sawasawa ni adimu na mawe ya matumbawe yamejitokeza juu ya ardhi.

Lakini kisahani hicho kitoke wapi? Tukikiagiza kutoka nje, kitafika kikiwa na nauli ya meli, faida ya wakala na ushuru. Kanuni ya jumla ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu mwaka 2005, ni malighafi kuingia bure, bidhaa iliyosindikwa nusu kulipa asilimia 10, na bidhaa iliyokamilika kulipa asilimia 25; na mwaka 2022 ikaongezwa ngazi ya asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa. Kanuni hiyo iliwekwa ili kumlinda mwenye kiwanda wa hapa. Mahali ambapo hakuna mwenye kiwanda, haimlindi mtu yeyote. Humtoza mwanafunzi tu.

Njia ya pili ni kungoja zawadi. Wafadhili ni watu wema na hatuwatukani. Hata hivyo, zawadi ya vifaa vya michezo ina tabia moja: hufika mara moja, hupigiwa makofi, hupigwa picha, na kifaa kikipotea au kikivunjika hakirudi tena. Walimu wetu wanajua jinsi kabati la michezo linavyofungwa kwa kufuli ili mpira wa zawadi usichakae, na wanafunzi wakaendelea kucheza kwa mpira wa matambara. Kifaa kisichoweza kubadilishwa hugeuka kuwa pambo.

Njia ya tatu ni kukitengeneza. Je, inawezekana? Tunasema inawezekana, na tunaeleza kwa nini.

Kisahani cha gofu hutengenezwa kwa kuyeyusha chembe za plastiki na kuisukuma kwa mgandamizo ndani ya kalibu ya chuma, kisha kuiacha ipoe. Kazi hiyo ndiyo ile ile inayotoa beseni, ndoo, sahani na vifuniko, na viwanda vya vyombo hivyo vipo nchini. Makampuni ya ng'ambo hutumia plastiki za aina nyingi, na zile za gharama huwa na unyumbufu wa kuhimili kugonga miti kwa miaka. Lakini kisahani cha mwanafunzi anayejifunza hakihitaji plastiki hiyo. Kwa muda mrefu visahani vya bei nafuu vimekuwa vikitengenezwa kwa plastiki ya kawaida. Kitu kigumu ni kalibu, kwa sababu ikikosewa kwa unene wa ukucha tu, kisahani kitayumba. Hapo ndipo ufundi ulipo, na hapo ndipo fedha ya mwanzo inapotakiwa kwenda.

Kapu la minyororo ni jepesi zaidi. Fundi yeyote wa kuchomelea aliyehitimu katika chuo cha VETA Kihonda, au katika Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia hapa Unguja, anaweza kulitengeneza kwa bomba, nondo na mnyororo. Wala asiogope sheria: hataza haikai milele, na ile ya Headrick ya mwaka 1977 imekwisha muda wake zamani. Kinacholindwa hadi leo ni majina na alama za makampuni. Fundi wetu akitengeneza kapu lake na kulipa jina lake mwenyewe, hajamwibia mtu.

Kuhusu malighafi, sisi wa Visiwani tuna la kusema. Zanzibar iliipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Tulitangulia kwa sababu kisiwa hakina mahali pa kuficha taka zake. Hata hivyo mifuko siyo plastiki yote. Madumu, vifuniko, ndala na chupa bado vinatapakaa katika fukwe zetu. Wenzetu wa Lamu walituonyesha njia. Chini ya fundi wa majahazi Ali Skanda walijenga jahazi la plastiki iliyookotwa, wakalifunika kwa vipande vya ndala, wakaliita Flipflopi. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Mji Mkongwe. Walioliona likitia nanga waliona kwamba taka ya ufukweni inaweza kubeba watu baharini. Plastiki iliyoweza kubeba watu haishindwi kuwa kisahani.

Hata hivyo tusijidanganye. Plastiki haziyeyuki zote pamoja. Chupa ya maji ni ya aina moja na kifuniko chake ni cha aina nyingine, na ukizichanganya utapata kitu kinachopasuka kama kigae. Vifuniko na madumu ndivyo vinavyofaa, navyo ni lazima vichambuliwe, vioshwe na kukaushwa. Jua letu nalo huichakaza plastiki iliyokaa nje muda mrefu. Kwa hiyo kazi ya kuchambua ni kazi ya ustadi inayostahili malipo, wala si adhabu ya watoto wa shule siku ya Jumamosi.

Yapo mapingamizi, na ni haki yatajwe. Wa kwanza atasema kwamba huu ni mchezo wa kigeni, nasi tuna bao, ngalawa na mchezo wa ng'ombe wa Pemba. Ni kweli, na michezo hiyo isiachwe. Lakini mpira wa miguu nao ulikuja kwa meli, na leo hakuna anayeuita mgeni. Wa pili atasema kwamba shule hazina hata mipira, sembuse visahani. Hilo ndilo pingamizi zito kuliko yote, na jibu letu ni kwamba lisichukuliwe kama ugomvi baina ya mpira na kisahani. Shule hazina mipira kwa sababu ile ile itakayozikosesha visahani: tunavinunua vyote mbali. Atakayejifunza kutengeneza kifaa rahisi atakuwa amejifunza kufanya hesabu ya gharama, kupima ubora na kumtafuta mnunuzi, na ujuzi huo utamfaa katika kifaa kigumu. Wa tatu atasema kwamba kisahani kikivunjika kitakuwa taka tena. Ni kweli, basi kiwanda kikubali kukipokea na kukiyeyusha upya, na bei ya kisahani kipya ipunguzwe kwa atakayerudisha kilichovunjika. Sharti hilo liandikwe tangu mwanzo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Baada ya kuyaeleza haya tunawaelekea viongozi wetu, wa Visiwani na wa Bara, kwa mapendekezo matano.

Kwanza, mradi wa namna hii usianze na jengo. Uanze na kalibu moja, ikodishwe mashine katika kiwanda cha vyombo kilichopo, kama wale wa Finland walivyofanya walipotengenezewa visahani na wengine. SIDO kwa upande wa Bara na SMIDA kwa upande wa Zanzibar ni vyombo vilivyowekwa kwa ajili ya viwanda vidogo; kalibu ya pamoja inayoweza kukodishwa na vikundi mbalimbali ni kazi inayolingana navyo.

Pili, mnunuzi wa kwanza awe shule. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, pamoja na Baraza la Michezo la Zanzibar na wizara za elimu, zikubaliane juu ya idadi ndogo, inayojulikana, itakayonunuliwa kila mwaka. Kiwanda chenye mnunuzi mdogo wa hakika ni bora kuliko kiwanda chenye soko kubwa la ndotoni. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilikuwa na Ulaya nzima katika karatasi, na hakikuwa na mtu mlangoni.

Tatu, vipimo viwekwe mapema na Shirika la Viwango Tanzania na Taasisi ya Viwango Zanzibar kwa pamoja, ili kisahani kilichopimwa Morogoro kisipimwe upya bandarini Malindi. Bidhaa ndogo haiwezi kubeba mihuri miwili. Wafanyabiashara wa pande zote mbili za Muungano wamelalamikia jambo hili kwa muda mrefu katika bidhaa kubwa kuliko kisahani. Hapa pana nafasi ya kulitatua katika bidhaa ambayo haina wa kuigombania.

Nne, fundi na mchezaji wakae meza moja. Mwalimu wa michezo wa Kilakala au wa Wete apelekewe visahani vya majaribio, avitumie muhula mzima, na maneno yake yasikilizwe kabla ya kalibu ya pili kuchongwa. Kapu la Headrick lilizaliwa katika ubishi wa wachezaji, na hakuna ofisi ambayo ingeubuni ubishi huo.

Tano, hesabu zitangazwe. Wananchi waambiwe kalibu iligharimu kiasi gani, visahani vingapi vilitolewa na vingapi vilirudi vimevunjika. Hasara ya Morogoro isingekuwa kubwa kiasi kile kama mwaka wa kwanza ingetamkwa hadharani kwamba mashine hazifanyi kazi.

Huenda mradi kama huu ukashindwa. Ukishindwa, tutakuwa tumepoteza kalibu moja na plastiki ambayo tayari ilikuwa taka. Ukifaulu, hautatufanya taifa la viwanda kwa siku moja, lakini baadhi ya shule zitakuwa na kifaa kisichofungiwa kabatini, vijana kadhaa watakuwa na kazi ya kuchambua na kuchomelea, na sisi tutakuwa tumejifunza kupanda ngazi kuanzia chini.

Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme imekuwa ikipeleka abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na boti huunganisha Dar es Salaam na Unguja kila siku. Ofisa anayeondoka Malindi kwa boti ya asubuhi anaweza kufika Morogoro siku hiyo hiyo. Akifika, asiishie katika ukumbi wa mikutano. Aende akakitazame kile kiwanda cha viatu na kujiuliza kilianzia wapi. Kisha aende Kilakala, asimame kando ya mtaro siku ya mvua, avihesabu vifuniko vinavyopita kuelekea kwetu.